Shahidi Haoti Miguu

18 Novemba 2024

Msimu uliopita sikuandika chochote, na sasa sikumbuki hata nilianza kuchoka lini. Mwaka huu nitaandika, hata kama ni mstari mmoja.

Mvua imeanza kweli. Nimefika maabara viatu mkononi, matope mpaka magotini. Mayai ya chura yametotolewa, na Profesa Edouard alikuwa ameshafika kabla yangu, ameinamia beseni, miwani inakaribia kugusa maji.

Kazi yetu ni hii. Tunachukua dawa zinazotumika migodini, moja moja, tunatia kidogo sana kwenye maji, tunaweka viluwiluwi, tunangoja. Kiluwiluwi ana tezi kooni kama mtu. Homoni ya tezi hiyo ndiyo inayoamuru miguu iote na mkia uishe. Dawa ikiivuruga tezi, kiluwiluwi hafi. Anakula, ananenepa, lakini hawi chura. Na mtoto wa binadamu anahitaji homoni hiyohiyo ili ubongo wake ukomae. Kwa hiyo tunawauliza vyura kwanza.

Beseni moja halitiwi dawa yoyote. Tunaliita shahidi. Lisipokuwepo hilo, hatuwezi kujua kama mengine yanasema kweli.

22 Novemba

Bomba limekauka tena. Pampu ya kisima cha chuo imekufa na fundi anasubiri kipande kutoka Zambia. Tumeamua kukinga mvua, na Profesa akauliza nani anaweza kupata pipa. Nikasema kaka yangu.

Kambale ana duka la jumla katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu huu, si nchi ile. Ninaishi kwake, pamoja na mke wake Dorcelle. Sisi ni watu wa Kivu ya Kaskazini. Dorcelle ni wa hapa hapa Katanga, babu yake alikuwa mtu wa reli. Zamani duka lilijaa maharage na mchele, mzigo ukitumwa na kaka yetu mkubwa, Séverin, kutoka Goma. Sasa barabara za kule ni vita tupu. Nusu ya rafu hazina kitu. Uani Kambale amepanga mapipa ya plastiki ya bluu anayonunua kwa watu wanaoyatoa migodini. Wanawake wanayagombania, maana mji mzima hauna maji.

“Chukua moja bule,” aliniambia. “Iko safi. Tunayasukula yote na Omo, mara mbili.”

27 Novemba

Siku nzima bila umeme.

2 Desemba

Mvua. Viluwiluwi wanakula vizuri. Mshahara bado.

10 Desemba

Shahidi hataki kubadilika. Kufikia sasa tungekuwa tunaona vimiguu vya nyuma kwa macho matupu. Katika mabeseni yenye dawa hakuna, na hiyo ingeweza kuwa habari kubwa. Lakini katika shahidi pia hakuna. Wamenenepa, wanaogelea kama vijiko vyeusi, na miguu hamna.

Shahidi akikosa, kazi yote imekosa.

17 Desemba

Profesa ameniita. Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali angepandisha.

“Kyakimwa, chakula chao unapima?”

“Napima, Prof.”

“Na maji unabadilisha?”

“Nabadilisha.”

Alivua miwani. “Unachoka. Mimi pia nachoka. Lakini hawa hawawezi kujua kama tumechoka. Tuanze upya.”

Tumemwaga wote. Majirani wa chuo wanasema sisi ni walimu tunaofuga vyura kwa sababu hatulipwi. Si uongo sana.

25 Desemba

Noeli. Dorcelle amepika kuku na bukari, ugali wa hapa. Mimba yake imekuwa kubwa, na joto hili linamfanya anywe maji bila kukoma, kikombe juu ya kikombe, kutoka pipa la jikoni. Kambale alicheza naye polepole kama mtu anayebeba mayai. Simu ya Séverin iliingia mchana. Alisema bado wako salama, na akacheka sana. Tangu utoto Séverin hacheki hivyo isipokuwa anaogopa.

9 Januari 2025

Kundi la pili. Shahidi hana miguu.

Nilipima kila kitu. Nilikaa kwenye kiti nikatamani kwamba tatizo liwe mimi, maana mimi ningejua namna ya kujirekebisha.

14 Januari

Nilimngoja Profesa anilaumu, akauliza swali jingine.

“Haya maji, tangu mvua inaanguka mpaka inafika kwenye beseni, yanapita wapi?”

“Kwenye bati, kwenye mfereji, kwenye pipa.”

“Pipa lile lilitoka wapi?”

Nikamwambia. Alienda kulinusa, nami nikanusa. Chini ya harufu ya Omo kulikuwa na harufu nyingine, kama ya mpira uliokaa juani. Sote wawili tulikuwa tumeipita kila siku.

Tumeanza jaribio dogo, mabeseni mawili tu, mayai ya mama mmoja. La kwanza lina mvua iliyokingwa moja kwa moja ndani ya vyombo vya kioo. La pili lina mvua iliyolala kwenye pipa. Hatukutia dawa yoyote.

28 Januari

Goma imeanguka. Watu wa kwetu wamejaa dukani kwa Kambale, kila mmoja na simu sikioni, hakuna aliyepata mtu. Séverin hapatikani. Mvua ilipiga bati hivi kwamba hata mtu akilia hasikiki.

29 Januari

Hapatikani.

30 Januari

Hapatikani.

4 Februari

Wafadhili wa ng'ambo wamesimamisha mradi. Ujumbe ulifika kwenye simu ya Profesa akiwa anakula ndizi. Akamaliza ndizi, akanisomea. Hakuna tena posho, hakuna mafuta ya jenereta.

“Wale wa mabeseni mawili?” niliuliza.

“Wale wanakula mchicha uliochemshwa,” alisema. “Mchicha tutaweza.”

8 Februari

Imeonekana.

Katika maji ya mvua, viluwiluwi wana miguu ya nyuma, mirefu, inayopiga maji. Mmoja ameanza kutoa na ya mbele. Katika maji ya pipa hakuna hata mmoja. Ni wakubwa kuliko wenzao, wanene, watulivu.

Profesa anadhani ni dawa ile inayotumika kufanya madini yaelee na povu. Plastiki imeinywa, na sasa inaitema kidogo kidogo, Omo au bila Omo. “Siwezi kuapa ni dawa gani,” alisema. “Mashine ya kupima sina. Lakini pipa hili lisinywewe na mtu.”

Nilitembea mpaka nyumbani. Uani mapipa yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye ukuta, na Kambale alikuwa anamsaidia mwanamke mmoja wa Kasungami, mtaa wa kando ya mji, kufunga moja juu ya pikipiki.

9 Februari, Jumapili

Nimemwambia Kambale, baada ya misa, tumekaa nyuma ya duka. Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

“Yaya, yale mapipa iko na sumu.”

“Nani amekufa?”

“Hakuna mwenye amekufa.”

“Bon. Sasa ni sumu gani yenye haiue bantu?”

Nikamweleza tezi, homoni, miguu, mkia. Alisikiliza mikono juu ya magoti, bila kunikatiza, kwa adabu anayowapa wateja anaojua hawatanunua. Nilipomaliza akasema:

“Kyakimwa, Séverin hatuna habari yake. Banki ya kule imefungwa, na yote yenye tulikuwa nayo iko mule ndani. Muke wake Graciella na batoto bake bako njiani, banapitia Uganda, banapitia Tanzania, bantu banabahurumia tu. Bakifika batakula nini? Na weye unakuja kunielezea batoto ba chura.”

“Dorcelle anakunywa ile maji. Na mimba yake.”

“Dorcelle iko muzima. Umuangalie.”

Nikamwangalia. Alikuwa mlangoni anachambua mboga, anaimba. Alikuwa mzima kabisa. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa refu, na sikuwa na nguvu ya kulibeba mpaka mwisho.

Ninamchotea Dorcelle maji kwa bidoni, dumu la njano, kutoka kisima cha parokia. Nimemwambia ni matamu zaidi.

16 Februari

Graciella, mke wa Séverin, amefika kupitia mpaka wa Kasumbalesa na watoto wanne. Miguu yao imevimba. Mdogo hakubali mtu afunge mlango wa chumba. Séverin alibaki kulinda stoo. Tangu siku ile Graciella hana habari yake.

Kambale aliwapakulia mwenyewe.

21 Februari

Mapipa mengi yameenda Kasungami wiki hii. Bukari niliyokula leo ilinunuliwa na mapipa. Nilikula.

25 Februari

Dorcelle ameniuliza tukiwa tunaanika nguo, mvua imepumzika kidogo.

“Mulamu, juu ya nini miye unanichotea maji ya bidon, na bengine bote banakunywa ya pipa? Usinidanganye tena mambo ya utamu.”

Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia avae viatu, tukapanda teksi mpaka chuoni. Nilimweka mbele ya mabeseni mawili. Katika la kwanza sasa kulikuwa na vyura wadogo, wamekaa juu ya jiwe, mkia umebaki kama uzi. Katika la pili wale wanene walizunguka vilevile.

“Hawa bote ni ba mama moja?”

“Mama mmoja, siku moja, chakula kimoja.”

“Na tofauti?”

“Hawa maji yao yalilala kwenye pipa.”

Alikaa kwenye kiti changu. Hakulia. Aliangalia lile beseni la pili, kisha akageuka, akaniangalia mimi.

“Ulijua tangu siku gani?”

“Ni wiki mbili sasa.”

“Wiki mbili.” Akasimama. “Miye nimekunywa tangu mwezi wa kenda. Zile wiki mbili ulinichotea, aksanti. Lakini Graciella na batoto bake banakunywa pipa. Ulibachotea?”

Tulirudi kwa teksi. Nimekuwa nikimwona Dorcelle kama mtu wa kuimba na kuchambua mboga, mtu wa kulindwa. Leo niliona haya kukaa naye kiti kimoja.

26 Februari

Asubuhi, Kambale akiwa amekwenda sokoni, Dorcelle aliwasha makaa uani, akatia vyuma viwili vya kujengea ndani mpaka vikawa vyekundu. Akaniita mimi na Graciella. Kwa Graciella alieleza kwa maneno machache. Graciella, aliyepoteza nyumba yake mwezi mmoja uliopita, hakuuliza tutakula nini. Alifunga kitenge vizuri, akashika chuma cha pili.

Tulitoboa mapipa yote, matundu chini na ubavuni. Harufu ilikuwa mbaya, tulifunga pua kwa vitambaa, Dorcelle tulimweka mbali akawa anatuonyesha kwa kidole: lile bado, lile bado. Sasa yanafaa kwa makaa na takataka tu.

Kambale alirudi tukiwa tunamwagia maji makaa. Alipita katikati ya mapipa, akainua moja, akaangalia anga kupitia tundu.

“Iko muzuri,” alisema. “Sasa mutakula matundu.”

Akarudi dukani. Chakula cha jioni hakukigusa.

3 Machi

Kambale haongei na mimi. Anaongea na ukuta ulio nyuma yangu.

10 Machi

Séverin amepiga simu! Namba ya mtu mwingine, sauti ya mbali. Yuko hai. Stoo hamna tena. Graciella alipiga magoti katikati ya maharage aliyokuwa anachagua, yakamwagika, na watoto wakafikiri kuna jambo baya limetokea tena, wakakimbilia nje.

14 Machi

Dorcelle amejifungua salama. Msichana, Keren. Kambale ameniongelea kwa mara ya kwanza: “Umuone mwipwa yako. Hata halie. Iko mutu mukubwa.”

Ni kweli, halii.

21 Machi

Keren analala mno. Tunamwamsha anyonye, ananyonya mara mbili tatu, anarudi usingizini. Macho yana manjano. Ulimi wake naona kama mkubwa kwa mdomo. Muuguzi anasema wasichana wapole wako hivyo, tumweke juani. Jua gani, mvua haijaacha.

Kambale anajivunia upole wake mbele ya wateja. Nilishindwa kuvumilia. Nimempigia Profesa.

“Siwezi kukuapia,” alisema. “Chura si mutoto. Lakini damu yake ipimwe tezi, na isingoje wiki ijayo.” Kisha akanipa jina la daktari mmoja, Mwenze, walisoma pamoja.

22 Machi

Wamechukua damu ya Keren. Alilia kidogo, kama mtu anayelia kwa kuazima sauti. Kambale alikataa kwanza, akaja nyuma yetu na pikipiki.

26 Machi

Daktari Mwenze alitukalisha wote: Dorcelle na mtoto, mimi, na Kambale aliyekataa kiti.

Tezi ya Keren inafanya kazi chini sana. Kuna dawa, tembe ndogo, nusu yake inasagwa na maziwa ya mama kwenye kijiko, kila asubuhi. Ikianza mapema, ubongo unakomaa vizuri.

“Mungengoja miezi mitatu, mukisema ni mupole,” alisema daktari, “ile yenye ingepotea haingerudi.”

Kambale aliuliza, sauti ndogo: “Docteur, ni juu ya pipa?”

“Sijue, papa. Inaweza kuwa pipa. Kama ni pipa, tezi itapona yenyewe akikua kidogo, tutaacha dawa. Inaweza kuwa angezaliwa vile hata bila pipa. Dawa haiulize. Weye umupe tu.”

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Kambale alivua koti akamfunika Dorcelle na mtoto, akasimama hivyo kwenye mvua, na pikipiki yake hakuikumbuka mpaka tulipofika barabarani.

29 Machi

Anampa kijiko mwenyewe. Hataki mtu mwingine aguse.

5 Aprili

Keren amelia leo asubuhi. Si kile kilio cha kuazima. Alilia kwa hasira, miguu inarusha blanketi, mpaka watoto wa Graciella wakaziba masikio wakicheka. Dorcelle alicheka na kulia pamoja. Kambale alisimama mlangoni amevaa shati nusu.

“Kyakimwa,” alisema. Alikuwa ananiangalia mimi, si ukuta. “Bale ba Kasungami benye niliuzisha. Kule banabeba mimba pia.”

“Wanabeba, yaya.”

Akafunga vifungo vya shati. Alikwenda dukani, akamimina kwenye chupa mafuta ya kupikia yaliyobaki ndani ya bidoni, akaanza kuosha bidoni zake za njano, zote.

6 Aprili

Tumekwenda Kasungami na pikipiki ya magurudumu matatu, bidoni zimefungwa kwa kamba. Nyumba ya kwanza walitupatia pipa bila maneno, wakachukua bidoni mbili. Ya pili walitufukuza. Walidhani ni ujanja, kwamba mapipa yamepanda bei na sisi tunayataka tena.

Ya tatu ni kwa Mama Chola, mjane mwenye bustani ya vitunguu na wajukuu wengi. Pipa lake lilikuwa chini ya bati, limejaa mpaka juu.

“Uliniambia iko safi,” alimwambia Kambale. “Uliapa hapa, umesimama pale pale.”

“Niliapa, mama.”

“Leo unakuja kuapa kama iko muchafu. Miye nishike kiapo gani?”

Mimi nilikuwa na maelezo yangu yote tayari, tezi na homoni, nikafungua mdomo, akanizuia kwa mkono.

“Leo siape, mama. Mutoto wangu iko na wiki tatu. Kila asubuhi ninamusagia dawa juu akili yake isilale. Mama yake alikunywa ile maji kwangu, na miye njo nilimuambia iko safi.”

Mama Chola aliweka jembe chini. Alimwangalia kaka yangu kuanzia viatu mpaka kichwani.

“Na hizi bidon mbili,” alisema, “zitanitosha siku?”

Nilijua Kambale angeweza kusema ndiyo. Ni mfanyabiashara.

“Hazitatosha,” alisema.

“Kisima iko kule kwa masista. Ni mbali. Miguu yangu haiende tena. Njo juu ya ile nilinunua pipa.” Akafikiri. “Basi, weye ubebe. Unijazie sufuria zangu zote na bidon zote. Kiisha utatwaa pipa yako.”

Kambale alivua viatu. Ana miaka arobaini na tatu, mgongo wake si mzuri, na sijawahi kumwona akibeba maji tangu tulipokuwa watoto. Alikwenda na bidoni mbili, akarudi matope yamemfika magotini, akamimina, akaenda tena. Mama Chola alikaa kwenye kizingiti akihesabu sufuria kwa macho, bila kumsaidia na bila kumcheka. Mimi nilimwaga pipa kwenye mtaro, nikalitoboa.

Alipomimina ya mwisho, alibaki ameinama, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kufunga kamba.

Lakini kwenye njia walikuwa wamesimama wanawake wawili kutoka nyumba ile iliyotufukuza, pipa lao limelazwa kando, bidoni zao tupu mkononi. Kambale aliwaona. Alijipangusa uso na mkono wa shati, akaenda kuwapokea bidoni.